Paka Aliyemwogopa Mama Mkwe

Jumatatu paka wetu aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka, nami nikamsifu. Siku hiyohiyo mama mkwe wangu alifika kwetu Nyamasaria kutoka Maseno, amekuja kutibiwa macho. Nikajiambia, hebu tazama, hata paka wa nyumba hii anajua adabu.

Kwetu mwanamume hazoeani na mama wa mkewe. Hamwangalii usoni, hapigi naye stori, na mama mwenyewe hawezi kukanyaga chumba chetu cha kulala hata nyumba ikiungua. Usiku alilala kwa mpwa wake, nyumba ya pili. Mchana alishinda sebuleni kwetu, mke wangu akiwa sokoni na mitumba yake. Na mimi? Nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, heshima imenijaa mpaka kooni.

Lakini nidanganye nani? Kazi yangu iliisha mwezi wa tatu, na mama hakuambiwa. Sikutaka kuulizwa mwanamume mzima anatafuta nini kitandani saa nne asubuhi. Mke wangu kwa huruma alimwambia nina homa. Wiki hiyo niliipenda mila yetu kuliko mzee yeyote wa ukoo.

Jumanne paka hakula. Nilimsukumia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta ya kukaangwa anayoipenda kufa, akageuza uso. Nikamwambia, bwana, usizidishe heshima. Jumatano akaanza kukohoa kohozi lisilotoka, mate yanamdondoka sakafuni. Mimi mjinga nikasema kwa sauti hizo ni hasira za kuletewa mgeni.

"Wewe paka!"

Niliruka. Ilikuwa sauti ya mama mkwe kutoka sebuleni. Hakuwa anasema na mimi, hilo haliwezekani. Alikuwa anasema na paka, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Mwambie baba yako aache kunisingizia. Mimi nilipofika wewe ulikuwa umeshajificha. Paka akijificha ghafla hivyo ujue anaumwa. Akuangalie mdomoni!"

Yawa! Nikapiga magoti, nikamvuta, akanichana mkono. Nilimmulika kwa tochi ya simu, nikauona mfupa umesimama nyuma kabisa ya mdomo. Jumapili nilimpa mfupa huo mimi mwenyewe, nikacheka nikimwona anavyoung'ang'ania. Tangu kazi iishe, paka huyo ndiye aliyeshinda nami siku nzima bila kuniuliza kitu. Angekufa, ningekuwa nimemuua mimi, kisha nikampongeza kwa adabu zake.

Nilitoka nimemfunga kwa taulo. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshavaa viatu.

"Paka," akasema, macho kwenye ukuta, "mwambie baba yako mtu mmoja hawezi kukushika. Twende."

Katika tuktuk tulikaa bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake, paka mapajani mwa mama. Kwa daktari wa mifugo yeye alishika miguu, mimi nikashika kichwa. Vidole vyetu viligusana na hakuna mbingu iliyoanguka. Daktari alichomoa mfupa mdogo kama kijiti cha kuchokolea meno. Alisema kidonda kilikuwa kimeanza usaha, na kwamba tungechelewa kidogo paka angetufia.

Tukirudi kwa tuktuk, paka alikuwa amelala kwa sindano ya usingizi aliyodungwa. Mama alimpapasa masikio, akitazama barabara upande wake.

"Paka, wewe sasa umepona," akasema, safari hii polepole. "Hebu muulize baba yako. Na yeye anaumwa wapi?"

Nikamwinamia paka, ambaye hasikii chochote.

"Mwambie nyanya yako," nikasema, "kazi iliisha mwezi wa tatu."