Nani Aingie Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilianza na ndoo. Nilikuwa binti wa Kihehe kutoka Tosamaganga, nimetoka mafunzo ya uuguzi, nikapangiwa zahanati ndogo huko Unyakyusa, safari ya lori kutoka Mbeya mjini. Nilitaka nionekane mchapakazi, nikaanza kusugua sakafu kabla jua halijatoka. Dresa Mkuu akasimama mlangoni. Dresa tulimwita mtu wa kufunga vidonda na kuchoma sindano. Huyu, Mbena wa Njombe, ndiye aliyekuwa mkuu wangu, na daktari mwingine hatukuwa naye.

"Kamwene, dada," akanisalimu kikwetu. "Sakafu inaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi iache. Nenda barazani ukaniangalilie nani hawezi kungoja."

Ninyi wajukuu mna saa mikononi na bado siku inawashinda! Yeye hakuwa na saa. Asubuhi tuliinjika kwanza maji ya kuchemshia sindano, maana maji hayaharakishwi. Yakiwa jikoni tunapita barazani, tunashika vipaji vya nyuso, tunasikiliza vifua. Anayehema vibaya anaingia. Wanafuata wa sindano, halafu vidonda, na mwisho magoti na migongo ya wazee. Kufagia na kukunja bandeji ni kazi ya jioni.

Wazee walinuna. "Nimefika alfajiri, katoto ka juzi kananitangulia?"

"Goti lako lina subira kukushinda wewe, mzee," Dresa Mkuu anajibu, na baraza zima linacheka. Nilimpenda kwa hilo, nisiseme uongo. Mgonjwa mahututi hakuwahi kumfia kwenye foleni.

Sasa, Wanyakyusa wana mwiko wao. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani; chumba alimo mkwe yeye haingii, hata nyumba iwake moto. Sisi wawili, Mhehe na Mbena, mwiko huo tuliujua kwa kuusikia tu.

Asubuhi moja ya masika alikuja mzee mwenye goti lililovimba. Tukamweka mwisho, kama kawaida. Akakaa barazani, mvua inanyesha, anapiga soga na wenzake mpaka adhuhuri ikapita. Alipofungwa goti akaondoka zake. Hapo ndipo mama mmoja akachomoza kutoka nyuma ya jengo, kanga imemgandia mwilini, mtoto yuko mgongoni. Mtoto alikuwa na kichomi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

"Umefika sasa hivi?" nikamuuliza.

"Nimefika asubuhi. Nilikuwa migombani. Nangoja baba atoke."

Yule mzee wa goti alikuwa baba mkwe wake. Jamani! Kadiri tulivyomweka mzee nyuma, ndivyo tulivyomfungia mama yule mlango. Dresa Mkuu alimchoma mtoto penisilini mwenyewe, akamshika mpaka mwisho. Mtoto hakuiona jioni.

Kesho yake Dresa Mkuu hakupita barazani. Akasema kila mtu aingie kama alivyofika. Nikamfuata chumba cha dawa.

"Mzee, kupanga si kosa. Kosa letu ni kutozunguka nyuma ya jengo."

"Dada, mimi ni nani hata nipange nani aishi?"

"Lakini mzee, leo kuna mtoto ana degedege na yuko nyuma ya watu wenye upele!"

"Mwingize basi wewe. Mimi siwezi tena."

Akaomba uhamisho, wakampeleka Chunya. Nilimfungia mizigo yake kwenye lori huku nalia kama mtoto mdogo, naye hakugeuka.

Mimi nilibaki na kazi ile. Kila asubuhi, maji yakishainjikwa, nilianza kwa kuzunguka jengo na migomba yote, nikaweka mlango wa nyuma wazi kwa wake wanaokwepa baba wakwe zao. Yule mzee wa goti naye alirudi, lakini barazani hakukanyaga tena. Alikaa kule barabarani, amejifunika gunia, mvua inampiga. Nikamwomba aingie.

"Niache, mwanangu," akasema. "Waambie na wenzangu waje huku, baraza tuwaachie wake za wanetu."

Wakamfuata, mmoja mmoja, na vigoda vyao.

Miaka ilipita. Yule mama akaja na mtoto mwingine, mzima, kwa chanjo tu. Akaangaza macho huku na huku. "Yule mganga wenu yuko wapi?"

"Yuko Chunya."

"Mwambie simlaumu. Alimshika mwanangu kama wake. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimtuma dereva wa lori aliyekuwa akienda huko, nikamrudishia maneno mara mbili asije akayapunguza. Aliporudi nilimkimbilia kabla hajazima injini.

"Nimemwona," akasema. "Kazi ya zahanati ameshaacha, analima tumbaku. Nilipotaja tu zahanati yenu akanyanyua mkono, akasema nisiendelee. Akaingia shambani."

"Hukumwambia?"

"Dada, ningemwambiaje mtu anayekimbia?"

Nimestaafu, nywele zimekuwa pamba, na watu wananisifu kwamba nilijua kupanga kazi. Aliyenifundisha alikufa hukohuko Chunya, na maneno ya yule mama hayakumfikia.