Salamu Zilizokula Unite

Muuza jibini wa Kirolirwe, kila akiwa Kampala, hushika simu kama kisu, kidole gumba juu ya kitufe chekundu, maana nje ya nchi yake hata kupokea simu kunakula unite, yaani salio. Leo, huko nyumbani, ng'ombe wake bora alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Mchungaji wa ng'ombe wake akapiga.

"Mama, uliamka muzuri? Wenye walikupokea, wako muzima?"

"Ngombe, kaka! Ilizaa ao bado?"

"Njo tunafika kwa ngombe, Mama. Na ile safari?"

Unite zikaisha, simu ikakatika. Alitukana simu, akatukana mnara, akatukana Kampala nzima. Mchungaji hakumtukana. Mchungaji aliyemtangulia, mama mwenyewe ndiye aliyemfukuza, kwa kosa la kuleta habari kabla ya salamu.