Jina Ambalo Sikuliandika

Ipo siku moja ambayo kwa miaka mingi niliikana. Niliketi jikoni, ghorofa ya kumi na saba, mtaa wa St. James Town huku ughaibuni, nikijaza fomu za kumleta mama yangu kutoka Tabora. Nilipofika mahali pa kuandika watu anaoishi nao, nikaandika: hakuna. Walioniuliza baadaye niliwaambia nafasi ilikuwa finyu, au nilikuwa nimechoka, au niliruka mstari. Mwanangu, sikuruka mstari. Nina shahada mbili. Ya kwanza ilinifundisha kuandika, ya pili kujitetea.

Mama alikuwa akiishi na Neema, mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alifariki Neema akiwa bado anatambaa, na baba wa mtoto alikuwa amefariki kabla. Kwa desturi yetu mimi ni mama yake mdogo, kwa hiyo kanisani kwetu Downsview nilikuwa nikimtaja kwa fahari: "Binti yangu aliyeko nyumbani." Watu walinihurumia. Nami nilijihurumia pamoja nao.

Lakini fomu si kanisa. Miaka ile ya tisini, ukimdhamini mzazi uliiahidi serikali kwamba utamtunza, nao walitazama kama kipato chako kinawatosha wote. Mimi na mume wangu tulipokezana zamu kwenye ghala la vipuri, na mtoto wetu Daudi, wa miezi saba, tulikabidhiana mlangoni pa lifti kama kifurushi. Nilimtaka Mama. Ukweli wenyewe, nilimtaka Mama na mikono yake yote miwili, usiwepo hata mmoja ulioshika mtoto mwingine. Hilo ndilo nililolikana: nilikuwa natafuta yaya.

Nikampigia simu kwa jirani yake.

"Mama, wakikuuliza, sema unaishi peke yako."

"Na Neema?"

"Tutamfuata baadaye. Kwanza wewe ufike."

Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kimya kile nikakihesabu kuwa ndiyo, kwa sababu kilinifaa.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayenijia na bahasha yako ukiomba nikukagulie fomu. Andika kila anayekula chungu kimoja na mzazi wako, hata kama hujui atafikaje huku. Ukiona hapana mahali pake, uliza. Mimi nilimaliza chuo kikuu bila kujifunza kuuliza kwenye dirisha la ofisi. Na kabla hujamsafirisha mama yako, muulize anamwacha nani. Usimuulize mbiombio kwa kuwa kadi ya simu inakwisha. Muulize, kisha wewe ndiye unyamaze. Sikulaumu ukitaka mtu wa kukushikia mtoto. Baridi hii na zamu hizi humchosha yeyote. Sema tu wazi kwamba ndicho unachotaka, naye akubali au akatae akijua.

Ya kwangu yaliamuliwa kwa simu. Mama alikuwa amesafiri kwa mabasi siku mbili hadi Nairobi kwa mahojiano ya visa, akafikia kwa binamu yangu, na huko ndiko alikonipigia simu. Nilikuwa na Daudi mapajani, na kitanda cha Mama nilikuwa nimeshakitandika.

"Umeipata, Mama?"

"Nimepata chai. Hawa wa Nairobi wanaweka maziwa mengi!"

"Visa, Mama!"

"Ah. Yule dada wa ofisini kaniuliza, bibi, nyumbani unaishi na nani? Nikamwambia naishi na Neema. Yuko darasa la tatu, anaogopa radi, na leo kalala kwa jirani."

"Mama! Si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana wewe. Mimi nilinyamaza."

Daudi akauvuta waya wa simu.

"Usilie," akasema Mama, ingawa nilikuwa sijaanza. "Dada yule hakugomba. Kasema mtoto yatima wa dada yako unaweza kumwombea wewe mwenyewe, kwa fomu zake. Nikamwambia basi, zangu zisubiri. Tutakuja wawili au hatuji."

"Itachukua muda, Mama. Huenda miaka."

"Vizuri. Daudi atakuja kutupokea kwa miguu yake."

Nikacheka, na hapo ndipo nilipolia kweli. Akaniacha nimalize.

"Sijakukasirikia, mwanangu. Najua umechoka. Sasa katafute kalamu. Andika Neema, na mahali pa mama yake uandike jina la dada yako, vizuri, lisomeke. Nangoja hapa hapa. Simu analipa binamu yako."

Nikaandika, nikamsomea. Akaitikia kila jina kama anaitikia sala.

"Haya," akasema. "Mungu akupe nyumba ya kututosha, na moyo wako akupanulie kabla ya nyumba."