Sauti ya Mama Mbaazi

Juzi nilikwenda Mji wa Kale na binti yangu kununua viatu vya sikukuu, tukapita kwenye kichochoro nilichokulia. Sikupanga, miguu ndiyo iliyonipeleka. Nikajikuta nimesimama mbele ya mlango wetu wa zamani, ambao sasa ni mlango wa duka la kuuzia watalii vinyago. Kijana mmoja wa pikipiki alikuja, akapiga simu, mtu akateremka kutoka juu, akapokea mbaazi zake ndani ya kikopo cha plastiki, akarudi ndani. Hawakusemezana hata neno. Nikajisemea, haya, kumbe siku hizi hata mbaazi zauzwa kwa kunong'ona.

Enzi zetu, ndugu yangu, mbaazi zilikuwa na sauti.

Nazungumzia miaka ya tisini, nilipokuwa mtoto wa kike mwenye magoti yenye makovu na kazi moja tu ya maana nyumbani, nayo ni kushika kamba ya kikapu. Sisi tulikaa ghorofa ya juu. Asubuhi, baada ya kupiga deki na kukinga maji kama yametokea bombani, nilikaa dirishani na kikapu changu, ndani yake kuna bakuli, nikingoja wauzaji wapite chini. Anayeuza anatia kitu bakulini, mimi navuta. Ukivuta kwa pupa, mchuzi wote unamwagikia jirani wa chini, na jirani wa chini alikuwa na mdomo.

Wauzaji wote tuliwajua kwa sauti, lakini hakuna aliyemfikia mama mbaazi. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, Mgiriama aliyekaa Majengo, na kila siku isipokuwa Jumapili, ambayo ni ya kanisa, alikuja kwa miguu na sufuria lake kichwani. Mbaazi zake zilikolea nazi mpaka mchuzi unashika kwenye vidole, na mahamri yake yalinukia iliki tangu hayajafika pembeni. Ila ile sauti sijui Mungu aliitia wapi katika mwili ule. Akisema "Mbaaaaziii!" kunguru wanaruka kwenye mabati, watoto wachanga wanaamka, na mwalimu wa chuo aliyetusomesha Kurani anapoteza hesabu ya tasbihi yake na kuanza upya. Uso wake mimi sikuujua. Kutoka dirishani nilikuwa nikiona kifuniko cha sufuria tu.

Sasa bibi yangu. Bibi alitoka katika jamaa za zamani za mji ule, watu wa buibui na udi, na katika maisha yake hakuwa amepaza sauti. Akikasirika ndipo anapozidi kusema polepole, na wewe ukizidi kuogopa. Kwake yeye, mwanamke kupiga ukelele njiani ilikuwa aibu ya mtaa mzima. Mbaazi alikula, tena alikomba bakuli. Sauti ndiyo hakuitaka.

Alhamisi moja aliamka kichwa chamuuma. Sauti ilipopanda, akaja dirishani akaniondoa kwa kiwiko, akainama.

"Ewe mama," akasema kwa utaratibu wake, "hiyo sauti waitoa wapi?"

"Nimezaliwa nayo, bibi."

"Kichochoro hiki kina wagonjwa na wazee. Ukija kwetu, pita kimya."

Kifuniko kikatulia kidogo. "Nikipita kimya, bibi, mtajuaje kama nimepita?"

"Tutajua."

"Basi nitapita kwengine. Msinione mbaya," akasema mama mbaazi, bila hasira yoyote, akaenda zake.

Ijumaa kukapambazuka kimya kizuri. Bibi alikunywa chai akasema, mwaona raha ilivyo? Sisi wengine tulitafuna mkate mkavu tukatazamana. Lakini mdogo wangu, ambaye hata miaka mitano hakuwa ametimiza, alikaa ngazini na kibakuli chake cha bati mapajani akakataa kuinuka. Mtoto yule alikuwa mlafi, tena mlafi wa mbaazi. Akavishwa kanzu ya Ijumaa na kofia pale pale ngazini, amenuna.

Adhuhuri wanaume walikwenda msikitini, wanawake tukazama jikoni kwenye biriani. Sinia ilipotandikwa, mtoto hayupo. Kibakuli nacho hakipo.

Mama alitafuta mvunguni, akapanda darini, akachungulia pipa la maji. Kisha akakumbuka ngazi za mawe zinazoteremka baharini, hatua chache tu kutoka kwetu, na kwamba saa zile maji yalikuwa yakijaa. Akateremka mbio, akatazama maji, akarudi akakaa kizingitini. Sijapata kuona uso kama ule tena, na sitaki.

Hapo watu wakubwa wakaingia kazini. Jirani yetu, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye Peugeot nyeupe, alishika uongozi bila kuombwa. Akaendesha mpaka Mwembe Tayari kukagua mabasi ya bara, asije mtoto akasafirishwa Nairobi. Mdogo wangu ambaye hata chooni alitaka kusindikizwa. Basi lilikuwa linaondoka, jirani akalizuia, abiria wakamtukana, akarudi ametota jasho na kutupa habari kwamba Nairobi hakwenda.

Mwalimu wa chuo naye akachukua kipaza sauti cha msikiti. Alitangaza kwa sauti nzuri ya kisomo: mtoto wa kiume amepotea, mdogo, amevaa kanzu nyeupe na kofia, atakayemwona amlete nyumba fulani. Siku yenyewe Ijumaa. Niambie wewe, ni mtoto gani wa kiume mji ule aliyekuwa hakuvaa kanzu nyeupe na kofia?

Walianza kuletwa. Mtu wa kwanza alitokea na mtoto amembeba begani, amefurahi, "Alhamdulillahi, tumempata." Mama akainuka mbio, akaona si yeye, akakaa. Akaletwa mwengine. Akaletwa mapacha. Kila mpita njia aliyekutana na kikanzu alikizoa. Baraza yetu ikajaa watoto wanaolia kamasi zikiwatiririka, wengine wakawa wameshaanza kula biriani yetu, na kumrudisha mmoja hatuwezi kwa kuwa hatujui alikookotwa. Mara wakaanza kuja mama zao nao wanapiga mayowe kwamba watoto wao wameibwa, mmoja akamkamata jirani wa Peugeot kola ya kanzu. Ikabidi mwalimu arudi kwenye kipaza sauti kutangaza kwamba waliopotelewa na watoto ambao hawakupotea waje wawachukue. Na wetu bado.

Vijana nao walikuwa wametawanyika vichochoroni wakimwita jina lake kwa nguvu zao zote. Bibi muda wote alikuwa akivuta tasbihi. Ghafla akaacha kuihesabu.

"Hataitika," akasema.

Mama akamtazama.

"Mimi ndimi niliyemfundisha. Nilimwambia akisikia sauti asiyoijua yamwita jina lake, asiitike, ni mumiani huyo. Ajifiche."

Watoto wa siku hizi hawamjui mumiani, mnyonya damu. Sisi tulimjua vizuri kuliko jamaa zetu. Na mdogo wangu, aliyekuwa hasikii la mtu, somo hilo moja alilishika. Kwa hivyo kila kijana aliyezidi kumwita, alizidi kumsukuma ndani zaidi ya shimo lolote alilojifichia, na huku alasiri yaenda zake na maji yapanda ngazi.

Bibi akavaa buibui, akanishika mkono, tukatoka. Alikuwa ameelewa jambo ambalo Peugeot haikulielewa: mtoto hakupotea ovyo, alikwenda kutafuta mbaazi.

Tukamkuta mama mbaazi upande wa Kibokoni, ameketi kwenye kizingiti cha watu, anakwangua sufuria. Mtaa mgeni, wateja wageni, mauzo yalikuwa yamemchelewesha. Ndiyo siku niliyomwona uso. Alikuwa na mwanya, na macho ya mtu aliyeamka mapema maisha yake yote.

"Mwanangu," bibi akamwita.

Mama mbaazi akageuka nyuma kuangalia anayeitwa ni nani.

"Wewe, mwanangu. Nimekuja kukuomba upige kelele."

"Kelele zipi, bibi?"

"Zile za jana. Zote ulizo nazo."

Mama mbaazi akamwonyesha sufuria. "Zimekwisha, bibi. Nikinadi na sufuria tupu nitakuwa nadanganya watu."

Bibi akaanza kueleza kwa utaratibu wake, nami sikuweza kungoja. Nikasema mimi: mdogo wangu amepotea, hataitika jina lake, atakuitika wewe. Mama mbaazi hakungoja nimalize. Alishabandika sufuria kichwani, maana bila sufuria, aliniambia baadaye, sauti haimtoki sawasawa.

Wee acha tu. Alipiga ukelele ambao nadhani hata ng'ambo ya pili ya kisiwa waliusikia. Madirisha yakafunguka, vikapu vikateremka kwa kamba kushoto na kulia, watu wakatoka na mabakuli. Bibi akawa nyuma yake, akiwaambia hawa na hawa kwa ile sauti yake ya adabu, "Samahani, hakuna mbaazi. Samahani, hazipo," na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Msafara ukawa mrefu, wenye njaa nyuma, sufuria tupu mbele.

Tukafika kwenye ua wa mpishi wa arusi. Pale palikuwa na masufuria yake makubwa, yale ya kupikia biriani ya watu mia, yamelazwa ubavu yakingoja arusi nyingine. Mama mbaazi akavuta pumzi, akanadi. Kutoka ndani ya sufuria la mwisho, sauti nzito ikavuma:

"Na hamri!"

Akatoka kinyumenyume, kanzu nyeusi kwa masizi, kofia haipo, kibakuli mkononi. Hakumtazama bibi, hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mbaazi akamwinulia kibakuli, uso umekunjamana.

"Umechelewa," akamwambia.

"Zimekwisha, baba. Kesho."

Hapo ndipo alipolia. Mtoto alikuwa amejificha nusu ya siku na mumiani kila pembe, hakulia, akaja kulilia mbaazi. Na bibi yangu, mwanamke wa buibui na udi, akakaa chini kwenye vumbi la ua wa watu, akamkumbatia na masizi yake, akalia kwa sauti ndogo.

Jioni ile nyumba imetulia na watoto wa watu wote wamerudi makwao, bibi alimwambia mama maneno ambayo sijayasahau. Alisema Mola alikuwa na gari la jirani, na alikuwa na kipaza sauti cha msikiti, na mdomo wa kila mwenye heshima mtaani. Vyote akaviacha. "Akaenda kuchukua kitu nilichokifukuza mimi mlangoni pangu kwa kichwa kuuma," akasema.

Kuanzia siku ile mama mbaazi alirudi, tena kwa amri ya bibi alinadi chini ya dirisha letu kabla ya mahali pengine popote. Jirani mmoja alithubutu kulalamika, bibi akamjibu polepole sana, hakulalamika tena. Mwalimu wa chuo alihamisha wakati wa tasbihi yake. Ikawa hivyo miaka, mimi nikivuta kikapu mpaka mikono ikawa ya msichana mkubwa.

Halafu wiki moja hakuja. Tulisema labda yuaumwa. Wiki ya pili bibi akasema twende tukamwone, na hapo ndipo tulipogutuka kwamba hatujui nyumba yake. Wala jina lake. Miaka yote ile tulikuwa tukimwita mama mbaazi, na yeye akiitika.

Tukaenda Majengo, bibi na mimi. Kila tuliyemuuliza mama mbaazi yuko wapi alituuliza, yupi? Kila kona ina wake. Yule mwenye sauti, bibi akasema. Wakacheka. "Wote wana sauti, bibi, ndiyo kazi." Tulizunguka mpaka bibi akachoka, akasimama kwenye njia panda baina ya nyumba za udongo. Akatengeneza buibui lake. Kisha akafumba macho, akafungua kinywa, akanadi.

"Mbaaaziii!"

Ilitoka nyembamba, ikakatika katikati, akaianza tena. Milango ikafunguka. Wakatoka wanawake na mabakuli, wakatoka watoto wakikimbia, wakatuzunguka. "Ziko wapi, bibi?" Naye akawatazama nyuso zao mmoja baada ya mmoja, polepole, mpaka wa mwisho. Hakuwamo.

Sasa kichochoro chetu kina vinyago, jirani wa Peugeot amezikwa, mwalimu amezikwa, na bibi pia. Mdogo wangu ana ndevu na kitambi. Nikikumbuka siku zile, siwakumbuki kwa sura, nawasikia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu jioni ile ya Majengo, bibi ameshika mkono wangu, koo limemkauka. Karibu na mlango aliniuliza kama nadhani mama mbaazi alimsikia. Nilimwambia ukweli, kwamba sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Basi kesho twarudi," akasema.

Na tulirudi.