Ulezi wa Watu kwenye Jiwe la Mama

Mvua ikinyeshea majivu inatoka harufu chungu, kama maziwa yaliyoungulia. Hapa mtaani Nyasho, ninapokaa sasa, jirani yangu anachomaga takataka, na jana mvua ilipolipata jaa lake nikajikuta niko Butiama, mtoto, nimesimama mbele ya nyumba yetu iliyoungua. Moto wa shambani ulirukia nyasi za paa. Jogoo wetu mkorofi alipona, kuku wapole wote wakaungua, lakini acha, habari si ya jogoo.

Kilichobaki cha maana ni jiwe la kusagia. Baba alikuwa Kibara, ziwani, akivua samaki, habari hazijamfikia. Na mama hakuwaga mtu wa kupokea cha bure. Shangazi alileta unga, mama akamrudishia.

"Sijawa ombaomba, wifi."

Tukalala chini ya mti na maji ya moto tumboni. Mdogo wangu wa mwisho alilia mpaka akachoka.

Asubuhi akaja Mama Wegesa, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke wa sauti kubwa, kikapu cha ulezi kichwani.

"We Mama Nyangeta, umekaa tu? Jiwe langu limepasuka. Nisagie huu."

"Huoni nilivyo?"

"Naona mikono haijaungua."

Mama akacheka, tangu moto hajacheka. Akapiga magoti, akasaga. Mpaka jioni walikuja wengine, kila mmoja jiwe lake limepasuka, kila mmoja, "Unga nitaupitia kesho." Nilikasirika, jamani! Nyumba imeungua, na hawa wanatuletea kazi!

Kesho yake hawakuonekana. Vyungu vya kuazima vikajaa, nami nikavilalia kama kuku anayeatamia, wadogo zangu wasiguse mali ya watu. Mama alichungulia njia, akachungulia tena.

"Utaingia wadudu kwa uzembe wao," akasema, akabandika maji. Ugali ule, mweusi, wa moto, bila mboga! Tulikula tukalamba vidole.

Nimekuja kujiuliza nikiwa na wajukuu: mawe ya kijiji kizima yanapasukaje kwa pamoja? Na mama, aliyesaga tangu utoto wake, angekosaje kujua? Alijua tangu kikapu cha kwanza. Aliinamisha kichwa akasaga, akawaacha wamsaidie, na nadhani kati ya kazi zote za siku zile, hiyo ndiyo iliyomtoa jasho.