Sinema ya Bure Pale Oli

Nyumba yangu iko mtaa wa Oli, upande wa mto, na jirani yangu ni mama mjane mwenye kibanda cha video. Naanza na yeye kwa sababu ndiye anayenisumbua moyoni. Kompyuta itafuata.

Huyo mama hakuwahi kunitoza kiingilio. "Baba, keti mbele, masikio yako yamezeeka." Lakini jenereta yake, jamani! Iko nyuma ya ukuta wangu, inanguruma kama lori la mihogo linalopanda mlima. Nikatamani sinema yangu mwenyewe, ya kimya.

Shule niliacha mapema, mpaka leo nasoma kwa kidole, ila redio nimezifungua na kuzitengeneza tangu ujana. Basi siku moja natoka Ludara kwa dada yangu, amenipa gunia la maharagwe, nikamkuta mjini Koboko mfanyabiashara Mkongo anauza kompyuta za ofisi, kuukuu, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Mzee, hii haina feni. Hapana kelele. Inakula umeme kidogo tu, kama redio."

"Sinema itaweza?"

"Itaweza, kama wewe hapana lazimisha. Mupe picha nyepesi."

Tukabadilishana kwa maharagwe. Dada alipouliza kama yalikuwa mazuri, nilisema matamu sana. Hilo nalo liko shingoni mwangu, lakini si la leo.

Nyumbani nilikifunga kile kisanduku cha kompyuta kwenye ubao, nikakiunganisha na betri ya sola iliyokuwa ya taa, na televisheni ndogo, na spika za redio iliyokufa. Kikawa kinachemka. Nikakata mfuniko wa sufuria, nikaubana mgongoni kwake, joto likatoka. Filamu naleta kwa flashi. Nilijiona mtu mkubwa.

Jioni ya kwanza nilitaka nitazame peke yangu. Peke yako, hapa kwetu? Mlango uko wazi, watu wanaingia, "Mzee, habari ya jioni," wanaketi. Mgeni hafukuzwi, wala humtozi mtu aliyeketi kwenye mkeka wako. Punde chumba kikajaa, wengine wakasimama dirishani. Nyuma ya ukuta jenereta ikaanza kuzimwa mapema. Halafu jioni nyingine haikuwaka kabisa. Kimya nilichokitaka nilikipata. Lakini kibanda kile ndicho kinacholisha watoto wa yule mama.

Nikadanganya. Nikawaambia watu betri imekufa.

"Mzee, si jana ilikuwa nzima?"

"Hata binadamu anakufa hivyo hivyo."

Wakacheka, wakaenda kwa mama. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini mchana wa kesho yake nilitundika blanketi dirishani, nikazima sauti, nikawa natazama wanaume wakipigana kama mabubu. Ndipo hodi ikasikika. Ni mama. Nikatupa shuka juu ya televisheni.

"Baba, pole na betri. Lete nikuchajie kwa jenereta yangu."

"Acha tu, mama."

"Niache nini? Jana mabenchi hayakutosha. Wewe umepata hasara, mimi nimekula. Sikulala vizuri."

Yeye ndiye hakulala! Shuka nayo ilikuwa inawaka bluu, inazima, inawaka. Akaiangalia, akaniangalia.

"Iko nini hapo?"

Nikamwambia yote. Akafunua shuka, akaketi mkekani.

"Kwa hiyo watu wangu umenipa wewe, kama sadaka."

"Mama, nilitaka kusaidia."

"Ungeniita tukaongea. Mimi si mutoto."

Nikamwambia achukue vyote, kisanduku, sola na betri, akatumie kibandani, bei ya petroli imekuwa adui yake.

"Nitachukua," akasema. "Lakini wewe utakuja kukiwasha kila jioni. Sitaki zawadi. Nataka kazi yako."

Basi kila jioni naenda, nawasha. Jenereta inalala, kibanda kinajaa. Watu wananishika mkono mlangoni: "Mzee, umefanya vizuri kumsaidia mjane." Mama anasikia. Angeweza kuwaeleza nilivyomwaga riziki yake, halafu nikamrudishia kwa uongo. Anapanga mabenchi tu. Nami najibu, "Asante, asante," nikiangalia chini, naangalia nyaya zangu.