Maneno Kumi na Mawili Juu ya Friji

Kijana huyu akikueleza kazi yake, utamuuliza tena kazi yake hasa ni ipi. Yeye ni mjaribu pochi. Si pochi za ngozi. Ni zile za kwenye kompyuta za kutunzia sarafu za mtandaoni. Anafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, anaandika amri, na programu inamjibu kwa mstari mmoja mkavu. Anaunda pochi, anatia sarafu za majaribio ambazo hazinunui hata njugu, anaifuta, kisha anaifufua. Wenzake wanamwita Mfufuaji, na kwa kujisikia kwake, jina kalipenda.

Kila pochi hufufuliwa kwa maneno kumi na mawili ambayo programu yenyewe huyaokota ovyo, na ukikosea mpangilio umekwisha. Kampuni inakataza kuyaweka kwenye kompyuta. Ni karatasi tu. Basi Mfufuaji, kwa akili zake nyingi, akayaandika moja chini ya jingine akayabandika kwenye friji. Kwenye friji, jamani, pale pale ambapo miaka yote shangazi yake huchukua orodha ya sokoni.

Shangazi ndiye aliyemlea, na mpaka leo anampikia, anamfulia na kumwamsha. Kijana hula, hupangusa mdomo na kurudi kwenye dirisha lake jeusi bila neno. Si mtu mbaya. Amezoea tu.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya miezi mitatu ya kuangaliwa kazini. Saa nane mchana bosi na wateja wangemtazama kwa simu ya video akiifufua pochi ya karatasi ile, aliyoifanyia majaribio wiki nzima. Akishindwa, kazi hana. Saa saba na nusu akaona bora afanye mazoezi, akaandika amri ya kufuta. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ana hakika, tena kwa madaha, akaenda kuchukua karatasi. Haipo. Akatafuta chini ya friji, nyuma yake, hata ndani.

Mara mlango ukasukumwa. Shangazi huyo, anahema, nyuma yake mkokoteni wenye ngazi, sufuria, jembe, kioo, na yai moja ndani ya kofia. Mkononi kamba, na mwisho wa kamba, mbuzi. Akaeleza kwamba orodha ilimshinda akili, hasa lile yai moja, lakini yeye akitumwa hafanyi nusu nusu. Mbuzi tu ndiye hakumnunua. Kamwazima kwa jirani mpaka jioni.

Kijana akaomba karatasi. Karatasi ilikuwa imeliwa na mbuzi njiani, na sabuni nayo ilikuwa imeonjwa pembeni.

Bahati yake, shangazi ana ukaidi wake: hununua vitu kwa kufuata orodha kutoka juu hadi chini, hata kama ni kulizunguka soko mara nne. Akageuza ndoo mpya, akaikalia, akafumba macho na kutaja kimoja kimoja, kila kitu na ubishi aliobishana na muuzaji wake. Ndoo, yai, kamba, kofia, sufuria, ngazi, limau, kioo, mbuzi, sabuni, jembe. Hapo akafumbua macho.

Kijana akauliza la kumi na mbili. Shangazi akaangalia pembeni, akasema lile halikuwa la kununua, waachane nalo. Zimebaki dakika mbili. Kijana akambembeleza karibu alie.

"Si umeniandikia mwenyewe," shangazi akasema kwa haya. "Asante, chini kabisa. Mwanangu, toka umeanza kuongea sijaisikia kwako. Ungeandika tembo, ningemleta."

Kijana aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaketi, akaandika yote, na neno la mwisho vidole vilikuwa vizito. Pochi ikafufuka. Wateja wakapiga makofi, kazi akapewa, na bosi akataka kujua ni nani anayelia mee nyuma yake.

Simu ilipokatika, kijana alikwenda jikoni akasimama mlangoni.

"Shangazi, asante."

"Ulishaandika, baba," shangazi akasema bila kugeuka, akisugua ile sufuria mpya ambayo haijachemshiwa hata maji. "Mrudishe mbuzi wa watu."